Fremu Ipi Imfaayo Mpandaji? Maelezo juu ya Kipimo cha Baisikeli ya Saiklokrosi

Mtu aendaye dukani kununua viatu hukaa kitini, akavua vya zamani, akavaa vipya, akasimama, akatembea hatua chache. Vikimbana huvirudisha, vikimpwaya huvirudisha pia. Hakuna mwenye akili anunuaye viatu kwa sababu rangi yake yapendeza tu. Lakini mtu huyo huyo, aendapo kununua baisikeli, ambayo bei yake huzidi sana bei ya viatu, mara nyingi hutazama rangi, jina lililoandikwa ubavuni na wingi wa gia, kisha hutoa fedha zake. Kipimo cha fremu, ambacho ndicho jambo la kwanza, hukumbukwa baada ya miezi miwili, goti linapoanza kuuma. Wakati huo fedha zimekwisha toka, na majuto ni mjukuu.

Fremu ni yale mabomba yaliyoungwa pamoja, ambayo sehemu nyingine zote za baisikeli hufungwa juu yake. Kiti chaweza kuinuliwa, usukani waweza kubadilishwa, matairi yaweza kununuliwa mengine. Bali fremu ikiwa kubwa mno au ndogo mno, hakuna spana duniani iwezayo kuipunguza wala kuiongeza. Kwa hiyo yafaa kila mnunuzi ajue jinsi ya kujipima mwili wake na jinsi ya kuipima baisikeli kabla ya kufungua mkoba.

Maelezo haya yahusu hasa baisikeli za mashindano yaitwayo saiklokrosi, ambayo kwao hasa ni Ubelgiji, Uholanzi na Ufaransa. Hata hivyo mengi katika hayo yatamfaa pia mpandaji wa Afrika ya Mashariki. Tangu mwaka 2021, yalipofanywa kwa mara ya kwanza mashindano ya Migration Gravel Race katika nchi ya Maasai Mara, vijana wengi wa Kenya wamezoea kuona baisikeli zenye usukani uliopindwa kama pembe za kondoo, zikienda katika njia za changarawe. Tena mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia ya baisikeli za barabarani yalifanywa Kigali, nayo yalikuwa ya kwanza ya namna hiyo katika bara la Afrika. Baisikeli za changarawe na za saiklokrosi ni kama ndugu wa tumbo moja, na yule ajuaye kuichagua moja hatapata shida kuichagua ya pili.

MCHEZO WENYEWE

Saiklokrosi ni mashindano yanayofanywa nje ya barabara, wakati wa majira ya baridi ya Ulaya, tangu mwezi wa Septemba hata Februari. Mchezo huu ulianza Ufaransa. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa nchi hiyo yalifanywa mwaka 1902, na mtu anayesifiwa kwa kuyaanzisha ni Daniel Gousseau, aliyekuwa askari. Mwaka 1910 Mfaransa mwingine, Octave Lapize, alishinda mbio kubwa ya Tour de France, naye akasema kwamba mazoezi ya saiklokrosi wakati wa baridi yalimsaidia sana. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yalifanywa Paris mwaka 1950, na mshindi alikuwa Jean Robic. Baadaye Wabelgiji waliushika mchezo huu hata ukawa kama mali yao. Eric De Vlaeminck alitwaa ubingwa wa dunia mara saba kati ya mwaka 1966 na 1973. Kwa upande wa wanawake, Marianne Vos wa Uholanzi aliutwaa mara nane kati ya mwaka 2006 na 2022.

Njia ya mashindano ni mzunguko wa kilometa mbili na nusu hata tatu na nusu, nao huzungukwa mara nyingi. Wanaume walio mabingwa hushindana kwa muda wa karibu saa moja, na wanawake kwa dakika kama 50. Katika mzunguko huo mna majani, matope, ngazi, na mbao zilizosimamishwa kukingama njia, zisizozidi sentimeta 40 kwenda juu. Huko Koksijde, karibu na bahari ya Ubelgiji, wapandaji hupita katika vilima vya mchanga mtupu. Na huko Namur hupanda na kushuka miteremko ya ngome ya kale. Matairi ya mashindano makubwa hayaruhusiwi kuzidi milimeta 33 kwa upana, kwa hiyo mpandaji hawezi kutegemea mpira mnene umsaidie. Hutegemea miguu yake, ustadi wake, na baisikeli imfaayo.

Jambo linaloutenga mchezo huu na michezo mingine ya baisikeli ni hili: mpandaji hushuka baisikeli ingali ikienda, huikimbiza au kuitia begani, kisha huirukia tena bila ya kusimama. Hufanya hivyo mara nyingi katika saa ile moja. Basi fremu yake ni lazima imfae katika mambo matatu: kuketi na kukanyaga pedeli, kubeba begani, na kupanda kwa kuruka. Fremu inayofaa kwa jambo moja tu haitoshi.

NAMBA YA FREMU MAANA YAKE NINI?

Muuzaji akisema, “Hii ni hamsini na nne,” husema habari za bomba lile lisimamalo chini ya kiti. Maana yake ni kwamba bomba hilo lina urefu wa sentimeta 54 tangu katikati ya mhimili unaozungusha pedeli hata juu. Baisikeli za zamani, kama zile kubwa nyeusi za kubebea mizigo, zilipimwa kwa inchi. Na fremu ya inchi 22 ni karibu sawa na sentimeta 56.

Lakini hapo pana mtego. Mafundi wengine hupima hata ncha ya juu kabisa ya bomba, na wengine hupima hata pale katikati, linapokutana na bomba la juu. Kwa njia hizi mbili fremu ile ile moja yaweza kuitwa 54 na mtu mmoja, na kuitwa 52 na mwenziwe. Wala hakuna mwongo kati yao. Tena, zamani bomba la juu lililazwa sawasawa na ardhi, na namba ile ilieleza habari nyingi. Siku hizi fremu nyingi zina bomba la juu lililoinama kuelekea kiti, hata bomba la kiti limekuwa fupi, ijapokuwa fremu yenyewe haikufupishwa kwenda mbele. Kwa sababu hiyo fremu mbili zenye namba moja, zilizotoka viwanda viwili, zaweza kuhitilafiana kiasi cha kumfaa mtu mmoja na kumtesa mwingine. Na viwanda vingine vimeacha namba kabisa, vikaandika herufi tu, S kwa ndogo, M kwa kiasi, na L kwa kubwa. Herufi ambazo hazina kipimo kinacholingana kila mahali.

Neno la kushika, basi, ni kwamba namba iliyoandikwa ni kama jina la mtu. Jina humtambulisha mtu, lakini halielezi tabia yake.

KUUPIMA MWILI

Watu wengi huchagua baisikeli kwa kimo cha mwili tangu wayo hata utosi. Kipimo hicho chafaa kwa kukisia tu, kwa sababu watu wa kimo kimoja hawana miguu ya urefu mmoja. Kipimo kinachofaa zaidi ni urefu wa mguu kwa upande wa ndani, nao hupatikana hivi:

Mtu na avue viatu, asimame akiegemea ukuta, nyayo zikiwa zimetengana kiasi cha sentimeta 15. Na achukue kitabu chenye jalada gumu, akiweke katikati ya miguu, mgongo wa kitabu ukielekea juu, akivute mpaka kikaze kama kiti cha baisikeli kimkazavyo mpandaji. Mwenzake na atie alama ya penseli ukutani penye ukingo wa juu wa kitabu, kisha apime kwa utepe wa fundi cherehani tangu alama hata sakafuni. Na wapime mara tatu, kwa kuwa kosa la sentimeta mbili hapa huleta makosa katika hesabu zote zifuatazo.

Na ichukuliwe mifano miwili. Vijana wawili wana kimo cha sentimeta 175 kila mmoja. Wa kwanza ana mguu wa sentimeta 80, na wa pili ana mguu wa sentimeta 84. Kanuni ya zamani ya mafundi wa baisikeli za barabarani ilikuwa kuzidisha urefu wa mguu kwa 0.65, ili kupata urefu wa bomba la kiti la fremu ya kale, yaani ile yenye bomba la juu lililolazwa sawasawa, ikipimwa katikati kwa katikati. Kijana wa kwanza hupata 52. Wa pili hupata 54 na nusu hivi. Wangalinunua kwa kutazama kimo tu, wangalichukua fremu moja, na mmoja wao angalikosea.

Kwa baisikeli ya saiklokrosi wapandaji wengi hupunguza sentimeta moja au mbili katika hesabu hiyo, kwa sababu zitakazoelezwa chini. Na kwa fremu yenye bomba la juu lililoinama, hesabu hiyo haitumiki juu ya bomba la kiti lenyewe. Ni lazima kutazama vipimo vya urefu na kimo vinavyotolewa na kiwanda.

KIMO CHA KITI

Urefu wa mguu hutumika pia kujua kiti kiwekwe wapi. Kanuni ijulikanayo sana ilienezwa na Mmarekani Greg LeMond, aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, naye aliipata kwa mwalimu wake, Mfaransa Cyrille Guimard. Urefu wa mguu huzidishwa kwa 0.883, na jawabu ni masafa tangu katikati ya mhimili wa pedeli hata juu ya kiti. Kijana mwenye mguu wa sentimeta 80 hupata sentimeta 70.6.

Hesabu hiyo yaweza kujaribiwa kwa njia nyingine. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Kiingereza, Hamley na Thomas, walieleza kwamba masafa tangu pedeli, ikiwa chini kabisa, hata juu ya kiti yawe sehemu 109 katika 100 za urefu wa mguu. Kwa kijana yule yule hiyo ni sentimeta 87.2. Ukitoa mkono wa pedeli wenye urefu wa sentimeta 17, husalia 70.2. Njia hizo mbili hazitofautiani hata nusu sentimeta. Basi mtu aweza kuanzia hapo bila ya hofu.

Katika saiklokrosi wapandaji wengi hushusha kiti kiasi cha milimeta 5 hata 10 chini ya kile cha baisikeli yao ya barabarani. Sababu yake ni kwamba mtu anayerukia kiti akiwa amechoka, na viatu vyake vimejaa matope, hataki kukirukia kilicho juu mno. Na tena kiti kikiwa chini kidogo, baisikeli husimama imara zaidi katika njia yenye mashimo.

NAFASI YA KUSIMAMA

Kipimo cha pili ni nafasi iliyopo kati ya bomba la juu na mwili, mtu anaposimama ameitia baisikeli katikati ya miguu, nyayo zote mbili zikikanyaga ardhi. Mtu na ajaribu akiwa amevaa viatu vyake vya kupandia. Kwa baisikeli ya barabarani nafasi ya sentimeta mbili yaweza kutosha. Kwa njia za matope na mawe yafaa iwe sentimeta tatu hata tano, kwa kuwa mtu hushuka ghafula mahali ambapo mguu mmoja huenda ukaingia shimoni. Aliyewahi kuangukia bomba la juu hahitaji kuelezwa sababu ya kanuni hii.

Hata hivyo nafasi ya kusimama haitoshi kuamua peke yake. Fremu yenye bomba lililoinama humpa nafasi karibu kila mtu, hata yule ambaye fremu hiyo ni ndefu mno kwake kwenda mbele. Ndiyo maana muuzaji akisema, “Tazama, umesimama vizuri, yakufaa,” amesema nusu tu ya maneno.

UREFU WA KWENDA MBELE

Kipimo kilicho kikubwa kuliko vyote, na kinachosahauliwa kuliko vyote, ni umbali wa usukani. Kiti cha chini chaweza kuinuliwa sentimeta kumi kwa kufungua nati moja. Bali usukani ulio mbali haurudishwi kwa urahisi hivyo.

Mafundi wa siku hizi hutumia vipimo viwili vya fremu. Cha kwanza huitwa staki, nacho ni kimo tangu katikati ya mhimili wa pedeli kwenda juu wima, hata usawa wa ncha ya juu ya bomba la mbele, lile linaloshika uma wa gurudumu. Cha pili huitwa richi, nacho ni urefu wa kwenda mbele, tangu mstari ule wa wima hata katikati ya ncha ile ile. Fremu ya kiasi, ambayo zamani ingaliitwa 54, aghalabu huwa na staki ya karibu sentimeta 56 na richi ya karibu sentimeta 38. Uzuri wa vipimo hivi ni kwamba havidanganywi na bomba la juu, liwe limelazwa au limeinama. Na kwa sababu hiyo mtu aweza kulinganisha fremu za viwanda mbalimbali.

Lakini mnunuzi na aangalie jambo moja: richi hulinganishwa kwa haki pale tu ambapo staki ni sawa. Bomba la mbele halikusimama wima, bali limelala nyuma kidogo. Kwa hiyo kila sentimeta moja usukani unapopandishwa, hurudi nyuma kiasi cha milimeta tatu. Fremu mbili zenye richi moja, moja ikiwa na staki kubwa zaidi, hazina urefu mmoja. Ile iliyo juu zaidi ndiyo iliyo ndefu, maana yule wa fremu ya chini, akitaka kuufikisha usukani wake kwenye kimo kile kile, utamrudia nyuma.

Sasa na wakumbukwe vijana wale wawili. Yule mwenye mguu wa sentimeta 84 ana mguu mrefu kuliko mwenzake, na kwa kuwa kimo chao ni kimoja, kiwiliwili chake ni kifupi zaidi. Mguu wake wataka fremu ya juu, bali kifua chake chataka usukani ulio karibu. Akinunua kwa kufuata mguu tu, atalala juu ya baisikeli kama mtu anayechungulia kisimani. Kwake yeye fremu ifaayo ni ile yenye staki kubwa na richi fupi. Na asipoipata, achukue fremu inayomfaa kwa urefu, kisha ainue kiti.

Shingo ya usukani, yaani kile kipande kinachoushika usukani, yaweza kurekebisha kidogo. Katika saiklokrosi shingo ya milimeta 80 hata 110 ni ya kawaida. Ikiwa mtu anahitaji shingo fupi sana ili aufikie usukani, fremu hiyo ni kubwa kwake, na baisikeli itakuwa nyepesi mno kugeuka. Ikiwa anahitaji shingo ndefu sana, fremu ni ndogo, na uzito wake utalemea gurudumu la mbele. Naye akiteremka katika matope ataruka juu ya usukani.

Kwa desturi mpandaji wa saiklokrosi huuweka usukani wake karibu zaidi na juu zaidi kidogo kuliko ule wa baisikeli ya barabarani. Barabarani adui ni upepo, na mtu hujikunja ili aukwepe. Katika matope adui ni utelezi, na mtu hutaka kuketi akiwa amenyoka kiasi, aweze kuuhamisha uzito wake mbele na nyuma upesi.

BEGANI NA MIGUUNI

Kubeba begani nako kuna sheria zake. Mpandaji hupenyeza mkono wa kuume katika pembe tatu za fremu, bomba la juu likakaa begani, na mkono ukashika usukani ili gurudumu lisizunguke. Fremu ndogo mno, au yenye bomba la juu lililoinama sana, huwa na nafasi nyembamba ambayo mkono na bega havipiti upesi. Fremu kubwa mno nayo huning'inia, ikapiga mgongo na nyuma ya goti wakati wa kupanda ngazi. Mnunuzi na aitie baisikeli begani pale pale dukani, atembee nayo, hata kama watu watamcheka. Kicheko cha dakika moja ni nafuu kuliko majuto ya miaka mitano.

Jambo lingine ni ncha ya kiatu. Fremu ndogo sana zenye magurudumu ya kawaida huwa na gurudumu la mbele lililo karibu na pedeli, na usukani ukikatwa sana katika kona ya polepole, tairi hugusa kiatu. Barabarani ni usumbufu mdogo. Katika kona za saiklokrosi ni kuanguka. Watu wafupi hasa na wajaribu jambo hili, wakiwa wamevaa viatu vyao.

Ikiwa mtu amesimama kati ya vipimo viwili, moja ikiwa kubwa kidogo na nyingine ndogo kidogo, wapandaji wengi wa saiklokrosi huchagua ndogo. Ni rahisi kuirukia, ni rahisi kuigeuza, na kiti na shingo vyaweza kuongezwa. Fremu kubwa haiwezi kupunguzwa. Lakini ndogo kidogo si ndogo sana. Kiti kikiinuliwa hata usukani ukabaki chini sana, mgongo na mikono vitalalamika.

DALILI ZA KOSA

Mwili husema, ila watu wengi hawausikilizi. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma kwa nyuma, mara nyingi kiti kiko juu mno. Nyonga zikiyumba huku na huku mtu anapokanyaga, kiti kiko juu. Mikono ikifa ganzi na shingo ikikakamaa, huenda usukani uko mbali mno au chini mno. Ikiwa dalili hizi haziondoki baada ya kurekebisha kiti na shingo ya usukani kidogo kidogo, basi kosa liko katika fremu yenyewe. Na maumivu yasiyoisha yapelekwe kwa daktari. Yasifichwe kwa kusema kwamba mwili utazoea.

Wapandaji wa mashindano makubwa huwa na baisikeli mbili au zaidi, kwa sababu wanaruhusiwa kuiacha yenye matope na kuchukua safi mahali maalumu, wakati fundi anapoiosha ile ya kwanza. Baisikeli hizo zote hufungwa kwa vipimo vile vile, kiti kwa kiti na usukani kwa usukani. Mtu mwenye kupata nafasi ya ushindi kwa sekunde chache hakubali tofauti ya nusu sentimeta. Hilo laonyesha jinsi kipimo kilivyo na thamani.

VIJANA, WANAWAKE, NA BAISIKELI ILIYOKWISHA TUMIKA

Wazazi wengi humnunulia mtoto sare ya shule iliyo kubwa, ili akue ndani yake. Kwa kaptura desturi hiyo haina madhara. Kwa baisikeli ni hatari: mtoto asiyefika chini hawezi kusimama upesi, na mikono isiyofika vema kwenye breki haiwezi kuzikaza. Ni afadhali kununua baisikeli ya kiasi iliyokwisha tumika, kisha kuiuza mtoto akikua, kuliko kununua mpya iliyo kubwa mno.

Kwa wanawake hakuna kanuni nyingine. Utepe haujui mwanamume wala mwanamke. Kila mtu na apimwe mguu wake, kiwiliwili chake na mkono wake, kisha achague fremu kwa vipimo hivyo. Na upana wa usukani ulingane na mabega yake mwenyewe.

Anunuaye baisikeli iliyotumika na achukue utepe wake mwenyewe, asitegemee karatasi iliyobandikwa. Na apime bomba la kiti kwa njia zote mbili. Na akiinue kiti hata kimo chake, kisha atazame alama iliyochorwa katika nguzo ya kiti kuonyesha mwisho wa kuinuliwa. Alama hiyo ikionekana nje ya fremu, nguzo yaweza kuvunjika au kupasua bomba. Basi fremu hiyo ni ndogo kwake, au nguzo ndefu zaidi yahitajika. Na ajaribu kama nguzo yasogea, kwa kuwa nyingine zimeshikana na fremu kwa kutu za miaka mingi, na kiti hakitainuka kamwe. Na atazame maungio yote mahali penye mwanga, kama pana ufa.

Muuzaji huenda akasema, “Utaizoea tu.” Mnunuzi na ajibu kwa adabu, kisha aupime mguu wake tena.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwa kifupi, mnunuzi na afuate mambo haya kwa taratibu. Kwanza, apime urefu wa mguu wake kwa kitabu na ukuta. Pili, azidishe kwa 0.883 ili ajue kimo cha kiti, kisha apunguze milimeta chache kwa ajili ya saiklokrosi. Tatu, ajue staki na richi za fremu anayoitaka, wala asiridhike na namba au herufi. Nne, asimame juu ya bomba na kuona nafasi. Tano, aketi na kushika usukani kwa viwiko vilivyolegea. Sita, aitie begani, na kuirukia. Fremu ikifaulu katika hayo yote, ndipo aulize rangi.